Kona Aliyochimba Mjomba Athumani

Siku ile kwenye kiwanja chetu cha Nguvumali tulikuwapo watu sita. Mimi, Mwanaisha, mkubwa wa kuzaliwa nyumbani kwetu. Wadogo zangu wawili: Salimu, na Zuhura aliyekuwa bado kibogoyo wa meno ya mbele. Fundi Makame, Mpemba aliyekuwa akinifundisha kazi. Mama Eliza, jirani yetu, Msambaa na Mlutheri, aliyehamia mjini baada ya mumewe kufia kwenye mashamba ya mkonge. Na Mjomba Athumani, kaka wa marehemu mama, aliyetoka Pangani asubuhi ile na kanzu iliyopigwa pasi, kuja kutugawa.

Nawataja wote kwa sababu nyinyi vijana mnaoanza kazi hii mnapenda kuuliza: nyumba hii kajenga nani? Mnataka jina moja. Nyumba haina jina moja, na msingi ndio kabisa, maana unafukiwa na hakuna mpita njia anayesimama kuusifia.

Kutugawa ni hivi. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla hatujazoea. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikaenda kugonga kokoto. Tuliendelea kulala kwenye nyumba aliyoijenga baba, nayo ilikuwa inapasuka. Ufa ulianzia kwenye kona ya chumbani ukapanda hadi kwenye paa, na kila masika ukipita ulikuwa umepanuka. Salimu alikuwa akiingiza mkono wote humo na kumpungia Mama Eliza upande wa pili. Sakafu nayo ililala upande mmoja. Ukiweka gololi mlangoni ilikwenda yenyewe mpaka kwenye kona ile ikatulia, na watoto wakaufanya mchezo. Mjomba alipouona mchezo huo hakucheka.

"Nyumba hii itawaua," alisema. "Na mimi siwezi kulisha watatu. Zuhura atakaa kwangu. Salimu ana baba yake mdogo Muheza. Wewe utakwenda Korogwe kwa shangazi."

Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo mapema. Alikuwa na watoto wake na kazi ya kubahatisha, na alisema alichokiona. Lakini mimi nilijua kwamba watoto wakishagawanywa hawakusanyiki tena. Hukutana misibani, wakaulizana majina ya watoto wao. Nikamwomba muda. Nikamwambia kwamba nitajenga chumba kimoja pale pale kiwanjani, kikimaliza masika bila ufa tutabaki, kikipasuka atuchukue.

Alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu hakuamini.

Sasa niwaambie kuhusu udongo, maana bila hayo hamtaelewa kilichokuwa kinatusumbua.

Tanga watu wengi wamezoea kujenga juu ya mawe. Ukienda Raskazone, unachimba kidogo tu sururu inalia juu ya tumbawe. Mafundi wa zamani walikuwa na msemo wao: sururu ikilia, simama. Na kweli, kwenye tumbawe unasimama, unaanza kupanga mawe. Lakini kipande chetu cha Nguvumali kiko kwenye udongo mweusi wa kinamo. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka ukapasuka nyufa za kupotelea kandambili, na juu yake ukawa mgumu hata sururu inalia na kutoa cheche. Mtu wa tumbawe akisikia mlio ule anasema tumefika, anasimama. Kumbe hajafika popote. Masika yakija, ule mwamba wake unakunywa maji, unavimba kama unga wa maandazi, unainua nyumba. Kiangazi unanywea, unaiangusha. Nyumba inapandishwa na kushushwa kila mwaka, na ukuta haujui kucheza ngoma hiyo. Unapasuka.

Nyumba ya baba ilijengwa hivyo. Ilichimbwa kiangazi, sururu ikalia, wakasimama. Baba alichimba na nani, sikujua wakati huo. Nilikuwa mdogo, nakumbuka vumbi tu.

Niliyajua haya kwa Fundi Makame. Nilimkuta Raskazone, kwenye saiti niliyokuwa nikigonga kokoto na kubeba maji. Siku moja nilimwona amesimama katikati ya kiwanja anapiga mtaimbo chini, anainamisha kichwa, anasogea hatua, anapiga tena. Nikadhani anaumwa. Aliponiona namtazama akaniita.

"Njoo usikie. Piga hapo."

Nikapiga. Mlio mkavu.

"Sasa piga hapa."

Nikapiga. Ukaja mlio kama wa mtungi mtupu.

"Kuna pango," akasema. "Matumbawe haya yamejaa matundu kama mkate wa kumimina. Ukiweka kona ya nyumba juu ya kibamba cha jiwe, siku moja utaitafuta."

Mwenye nyumba alikuwa na haraka. Alikuja akatukuta tunatindua jiwe zuri kabisa, akauliza, "Mnatafuta nini humo, dhahabu?" Fundi Makame akachukua kokoto moja akaiangusha kwenye tundu tulilolifungua. Tukasikiliza. Iligonga huku, ikagonga kule, ikaendelea kushuka. Yule mzee akavua kofia. Hakuuliza tena, kesho yake alileta mawe na saruji ya kujazia, akakaa mwenyewe kuhakikisha shimo linashiba.

Kutoka siku ile Fundi alinifundisha. Alinifundisha kutafuna udongo. Msicheke. Unachukua kidogo, unaweka kati ya meno ya mbele, unasaga taratibu, halafu unatema. Mchanga unasema kwa meno. Udongo wa kinamo hausemi kitu, unateleza kama siagi, na huo ndio wa kuogopwa. Alinifundisha kuuviringisha mkononi kama kamba: ukikatika haraka, una mchanga, ukiviringika mpaka ukawa mwembamba kama tambi na ukakubali kupindwa, jua una kazi. Mama Eliza alinikuta nyumbani natafuna udongo wa kiwanja chetu, akanishika mkono kwa huruma. "Mwanangu," akaninong'oneza, "una mimba?"

Basi, turudi siku ile.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Mawe tulikuwa tumeyakusanya kwa muda mrefu, mabaki ya saiti aliyonipa Fundi, na changarawe nyekundu rundo zima. Mpango wa Fundi ulikuwa mmoja, nao haukuwa na mlango wa nyuma: tuchimbe mtaro kupita lile gamba gumu, tupite udongo mweusi, mpaka tufike kwenye udongo wa kijivu wenye chembechembe ambao hauvimbi. Halafu tujaze siku hiyo hiyo. Mtaro wa udongo mweusi hauachwi wazi. Jua likiupiga unapasuka, mvua ikiingia chini panakuwa uji, na ukijenga juu ya uji ule ni afadhali ungebaki kwenye nyumba yako ya zamani.

Wasaidizi wawili waliokuwa wameahidi kuja hawakutokea. Walikuwa wamepata kazi bandarini tangu juzi yake. Tukabaki mimi na Fundi mtaroni, Mama Eliza na karai kichwani akiondoa udongo mweusi na kuumwaga mbali, maana udongo huo ukitoka haurudishwi, Salimu akipanga mawe, na Zuhura na kopo lake la maji ya kunyunyizia changarawe. Kabla hatujaanza Fundi alisoma Fatiha, na Mama Eliza akaomba ya kwake kwa Kisambaa. Ilikuwa ndefu. Fundi akamsubiri ameinamisha kichwa, halafu akasema, "Haya, sasa tumeombewa mpaka kwenye paa."

Tulikuwa tumemaliza kona mbili na tumo kwenye ya tatu Mjomba alipofika.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Vitu vya watoto umefunga?"

"Sijafunga. Tulikubaliana masika yapite."

"Nimesikia mafundi wamekukimbia. Nimekuja kukupunguzia aibu." Akachungulia mtaroni. Mtaro ulinifika kifuani. "Huu ni msingi au kaburi?"

Fundi Makame akajibu bila kuinua kichwa. "Vyote huchimbwa mpaka mtu afike, yakhe. Ila humu sisi tunatoka."

Mjomba akavuta kiti akaketi chini ya upenu wa nyumba ya baba, mgongo wake karibu kabisa na ule ufa. Akatutazama. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani, ya rangi ile ambayo watu wa Tanga hawaiulizi. Fundi akayatazama, akatazama kona ya nne ambayo haijaguswa hata kidogo. Mimi nilijua anahesabu mikono. Mikono haikutosha.

Aliyesema alikuwa Mama Eliza. Alisimama mbele ya Mjomba na karai lake, matope mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji, hiyo kanzu nzuri sana."

"Ahsante."

"Mvua ikija utakuwa mtu msafi peke yako hapa. Tutakuzika nayo."

Zuhura akacheka. Akacheka kile kicheko cha mtoto kibogoyo, kisichofungika. Mjomba akamtazama, kisha akatazama viatu vyake. Halafu akasimama, akavua kanzu, akaikunja vizuri juu ya kiti, akabaki na singlendi na shuka. Akachukua sururu akaenda kwenye kona ya nne.

Mapigo ya kwanza yaliingia. Kisha sururu ikalia. Mlio ule ule wa jiwe, na cheche.

Mjomba akasimama. Hakupumzika, alisimama tu, sururu mkononi, kama mtu aliyesikia anaitwa na sauti anayoijua. Akamgeukia Fundi Makame.

"Imelia," akasema.

"Inakudanganya hiyo. Endelea."

Mjomba akaishika sururu upya. Kisha akaanza kuchimba, wanangu, na sijaona mtu akichimba vile tena. Hakuchimba kama msaidizi. Alichimba kama mtu anayemtoa mtu chini. Fundi alimwambia apokezane na mimi, akakataa. Alipofika kwenye udongo wa kijivu nilimwambia autafune ahakikishe. Akautafuna, akautema. "Una mchanga," akasema.

Tukajaza. Mawe makubwa chini, changarawe, maji kidogo, tukashindilia kwa gogo. Tabaka jingine, tukashindilia. Kona ya nne tuliimaliza matone ya kwanza yakigonga mabati. Mvua ilipoanza kweli kweli mtaro wote ulikuwa umeshiba, na sisi watu wazima wanne tulikuwa tumejibana chini ya upenu wa baba pamoja na watoto, hakuna anayeweza kunyoosha vidole. Mjomba akavaa kanzu yake juu ya matope. Akaenda stendi. Hakuaga kwa maneno mengi: "Masika yakipita nitakuja."

Nikiruka kidogo hapa mnisamehe. Mambo ya kazi huja yenyewe kichwani. Nataka msidhani udongo mweusi ndio adui peke yake. Ngamiani, kwa mfano, ardhi ni nzuri, lakini nyumba ni za zamani na uani kila familia imechimba vyoo, kimoja kikijaa wanafukia, wanachimba kingine. Ukipita na msingi juu ya choo cha zamani, kona inashuka. Mashimo hayo hayako kwenye ramani. Dawa yake ni kuuliza bibi vizee wa nyumba hiyo kabla hujafunga kamba za kupimia msingi. Tulishawahi kufunga kamba zote, tunataka kuanza, akatoka bibi mmoja na kikombe chake cha chai. Akaangalia kamba, akaangalia kona. "Hapo hapo," akasema, "ndipo marehemu mume wangu alipotumbukia na taa mkononi." Tukahamisha kona. Bibi akaongeza, "Taa mtakayoikuta ni yangu."

Na msidhani kwamba mimi kwa kutafuna udongo nimemaliza elimu. Juzi juzi nilikuwa kwenye nyumba ya Nguvumali, karibu na yetu, msingi mzuri, nimeusimamia mwenyewe, lakini upande mmoja ulikuwa unazama kiangazi tu. Nilikosa jibu. Akaja injinia, binti mdogo anaitwa Neema, akauzunguka ukuta mara moja, akaelekeza kidole kwenye mwarobaini uliokuwa karibu na dirisha. "Huu mti unakunywa maji chini ya nyumba, mama. Udongo unanywea upande wake." Miaka yote hiyo nimeegemea miti kivulini nikila ugali, sikuwaza kwamba nayo inakunywa. Nikamwambia, "Hapo umenifunza, mwanangu." Siku hizi wanachukua udongo wanaupeleka maabara, wanaweka nondo, wanafunga mkanda wa zege nyumba nzima. Yafuateni hayo. Mimi nasema tu, kabla ya kuupeleka udongo maabara, uweke kwenye meno pia. Haugharimu kitu.

Na maji yakae mbali na nyumba. Hilo Fundi Makame alilirudia mpaka likatuchosha. Tulipomaliza kuta za chumba chetu alitujengea baraza pana kuzunguka pande zote. Watu wakadhani ni la kukalia. Ni la kukalia, lakini kazi yake hasa ni kuyatupa maji ya paa mbali na miguu ya ukuta.

Masika yakaja. Sitayaeleza. Kila asubuhi nilikuwa napitisha kiganja ukutani kabla sijanawa uso. Nyumba ya baba iliangusha kona yake mchana mmoja, wote tukiwa nje. Tukasikia kama mtu ametua mzigo. Chumba chetu kipya kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Mjomba alikuja mvua zilipokatika. Hakuangalia kuta. Alimwita Salimu.

"Nipe gololi."

Salimu akaitoa mfukoni. Mjomba akachuchumaa katikati ya chumba, akaiweka sakafuni, akaiachia. Gololi ikakaa. Akaisukuma kidogo kwa kidole; ikaenda kidogo, ikakaa. Zuhura akauliza, "Mbona haitembei?" Mjomba akainuka kwa kushika goti, akaniambia, "Kaeni."

Tulikaa. Salimu leo ni dereva, Zuhura ni mwalimu, na sikukuu zote tunazila kwenye nyumba hiyo, ambayo iliongezwa vyumba kutoka kwenye kile kimoja. Mimi nimejenga misingi mpaka magoti yamekataa. Watu walikuwa wakija saitini wakiuliza "Fundi yuko wapi?" wakichungulia nyuma yangu, nami nawaambia, "Amejificha kwenye khanga hii."

Kwetu, mtu akija kwako kwenye msaragambo, akakupa siku yake na mikono yake, huna njia ya kumaliza ila kumpelekea yako. Kwa Fundi Makame nilikwenda hadi Pemba alipostaafu, nikamchimbia msingi wa banda la mbuzi, akanikosoa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kwa Mama Eliza nilijenga chumba na ukumbi, na alipofariki, kaburi lake nililijenga mimi. Amebaki Mjomba.

Mjomba yu hai. Ni mzee sasa, anaishi Pangani kwenye nyumba yake karibu na mto, juu ya mchanga ambao maji yanauchota kidogo kidogo kutoka chini. Kona ya upande wa mto inashuka. Kila mwaka kabla ya masika nakwenda na vyombo vyangu. Kila mwaka ananipa chai na kunirudisha.

Mwaka huu nilikwenda na Zuhura. Mjomba alipoingia ndani kuchukua sukari nikatoa gololi kwenye pochi, nikaiweka mlangoni. Ikaanza yenyewe. Ikavuka chumba, ikapita chini ya kitanda, tukaisikia inagonga ukuta wa upande wa mto. Tulipoinua macho Mjomba alikuwa amesimama na kopo la sukari.

"Najua inakokwenda," akasema. "Sihitaji kuonyeshwa."

"Basi niruhusu, Mjomba. Nina deni lako la kona moja."

"Huna."

"Ulichimba."

Akaketi. Akakoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Mwanaisha, ile nyumba ya baba yako, unajua aliichimba na nani?"

"Nakumbuka vumbi tu."

"Na mimi. Yeye alitaka kuendelea chini. Sururu ilipolia mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwambia, shemeji, imelia, tumefika. Sisi watu wa tumbawe. Nikamwambia asijichoshe bure." Akaweka kijiko chini. "Kona ile niliyochimba ilikuwa yake. Nililipa la kwangu. Hunidai, sikudai. Kunywa chai."

Zuhura, ambaye sasa ana meno yote na ulimi wa mwalimu, akasema, "Mjomba, hiyo kona ulimlipa baba. Lakini chumbani nililala mimi."

Sidhani mzee alikuwa amewahi kulifikiria hivyo. Mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria hivyo. Hakusema ndiyo. Alisema giza linaingia, magari yataisha.

Nilipofunga vyombo vyangu aliweka mkono juu ya mtaimbo, ule ule alioniachia Fundi Makame. "Huu mzito," akasema. "Kwa nini uubebe kwenda na kurudi? Uache nyuma ya mlango."

Nimeuacha. Masika hayajafika bado, na mimi ninaandika haya huku nikisubiri simu ilie. Mtaimbo wangu uko Pangani, nyuma ya mlango wa mtu ambaye hajaniita, na kona yake bado inashuka.